Kabla hujapiga dawa kwenye eneo lako, soma hii kwanza

Juzi kuna msomaji kanitumia meseji ndefu. Amepata eneo lake, limekaa muda mrefu bila kuguswa, lina kichuguu kikubwa, mti mmoja umekauka umesimama, vichaka vya miiba na kidimbwi cha maji upande wa chini, na anataka pawe mahali pa miti na ndege na vipepeo. Swali lake lilikua moja tu, aanze na dawa gani ya kumaliza wadudu wote ili akianza kupanda aanze na eneo safi. Nilimjibu kulekule ila jibu likawa refu mno, na kwa vile najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, kila mmoja anatamani kipande chake cha ardhi kirudi kuwa hai, nimeona nilete hapa tusome wote.

Jibu fupi ni hili: usianze na dawa, usianze na panga, anza kwa kuangalia.

Sasa jibu refu. Mimi nilikua kwenye kikundi cha watu wa kujitolea, tulikabidhiwa eneo lililokua limechakaa tukakubaliana turudishe uoto wake. Nililipenda lile eneo jamani, nikitoka kazini nakimbilia kule. Kazi ya kubeba maji na kuchimba mashimo mnaijua, sina haja ya kuwasimulia. Tatizo lilianza pale kiongozi wetu alipokuja na mpango wa usafi: mti mkavu ukatwe, matete ya pembeni ya maji yafyekwe, viota vya nyigu vichomwe, kichuguu kichimbuliwe mpaka malkia apatikane. Nikasimama nikauliza, tukishatoa vyote hivi tunabaki na nini? Nikaeleza kwamba ule mti mkavu ndio nyumba, kuvu analainisha mbao, gogota anakuja anatoboa shimo anazalia humo, akihama wanaingia ndege wengine wasioweza kutoboa wenyewe, au nyuki. Nikaambiwa mbele ya watu wote kwamba mimi ni mtu wa nadharia, na jioni yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu la simu bila hata neno moja. Iliniuma. Bado inaniuma nikikumbuka, maana sikua nakataa kazi, nilikua nakataa kuua kitu ambacho hakuna kati yetu aliyejua kinafanya nini pale.

Nikaenda kuanza kipande changu. Kidogo tu, ila changu, na sheria niliyojiwekea ilikua hakuna kinachotolewa mpaka nijue kinakula nini na kinaliwa na nani. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye makala hii chukua hilo. Anakula nini, analiwa na nani, analala wapi.

Mtihani wa kwanza ulikua vidukari. Walijaa kwenye machipukizi mpaka shina halionekani, majani yanajikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka mchana kutwa. Wale sisimizi hawakua wanawala vidukari, walikua wanawalinda, kwa sababu kidukari akifyonza utomvu wa mmea anatoa majimaji matamu nyuma na sisimizi anayanywa, na yeye kwa malipo anamfukuza adui wa kidukari. Kila aliyepita pale aliniambia nipige dawa. Sikupiga. Nikawa naenda kuangalia asubuhi na jioni, na kwakweli kuna wakati moyo ulikua mzito maana mimea ilikua inateseka mbele ya macho yangu.

Alafu wakaanza kuja. Kwanza wale mende wadogo wa mviringo wekundu wenye madoa meusi, wanataga mayai ya njano chini ya jani, na kwenye mayai wanatoka watoto weusi warefu wenye alama za rangi ya chungwa, wanatisha kidogo, na hawafanani kabisa na mama yao. Hao watoto ndio walaji wakubwa wa vidukari na ndio watu wengi wanawasaga kwa vidole wakidhani ni wadudu waharibifu! Baadae nikaona vidukari wengine wamevimba, wamekua rangi ya kahawia, wakavu, na kila mmoja ana tundu dogo la duara mgongoni. Hapo nikafurahi mpaka nikapiga picha nikawatumia watu wote ninaowajua. Ile ni kazi ya nyigu mdogo sana, mdogo kuliko kidukari mwenyewe, anamdunga na kumwekea yai ndani, mtoto anakula kutoka ndani mpaka anamaliza, anatoboa anatoka anaruka. Buibui wakafuata, ndege wadogo wakafuata, mimea ikainuka.

Ningepiga dawa ningeua wote, wabaya na wasaidizi. Na mnajua nani angerudi wa kwanza? Kidukari. Jike lake linazaa bila kuhitaji dume, linazaa watoto hai, na wale watoto baada ya siku chache nao wanazaa. Mlaji wake hana kasi hiyo. Kwa hiyo ukipiga dawa unampa kidukari eneo lisilo na adui, alafu unashangaa mbona mwaka huu wamezidi. Subirini. Najua kusubiri kunachosha ila subirini.

Sasa kuna watakaosema hayo ni mambo ya bustani ndogo, kwenye eneo kubwa haiko hivyo. Iko hivyohivyo, tena matokeo yake ni makubwa zaidi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Laikipia, Kenya, na nitauchukulia muda kwa sababu kila nikiusimulia watu wananiangalia kama nawadanganya.

Kule kuna aina ya mgunga wenye miiba iliyovimba chini, ndani ina uwazi, na ndani ya ule uwazi wanaishi sisimizi. Mti unawapa nyumba, unawapa na majimaji matamu, na wao wanaulinda, tembo akileta mkonga wanamwingia puani na kumuuma mpaka anaachana nao. Watafiti wakazungushia uzio baadhi ya maeneo ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wanaokula majani wasiingie. Mimi na wewe tungesema ile miti itanawiri, adui kaondolewa. Baada ya miaka 10 hivi matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na miti iliyokua ndani ya uzio ilikua na hali mbaya kuliko ya nje. Kwa nini? Mti ukiona hauliwi unapunguza matumizi, unatoa miiba michache iliyovimba na majimaji machache, sisimizi walinzi wanapungua, wanaingia sisimizi wa aina nyingine wasiojali, na wadudu wanaotoboa shina wanapata nafasi. Yaani tembo anayeuvunja mti ndiye anayeufanya uendelee kuwalipa walinzi wake.

Haikuishia hapo. Eneo hilohilo likavamiwa na sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, hawa wanaua sisimizi wenyeji na kula mayai yao, na wala hawaulindi mti. Tembo wakaanza kuivunja ile miti mara tano hadi saba zaidi ya sehemu ambazo hazijavamiwa. Miti ikipungua pori linakua wazi, na simba anawinda kwa kunyemelea, anahitaji kichaka cha kujificha. Utafiti uliotoka mwaka 2024 kutoka Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama hukohuko Laikipia, ulionyesha kwamba mwaka 2003 pundamilia walikua asilimia 67 ya wanyama waliouliwa na simba, kufika 2020 wakashuka mpaka asilimia 42, na nyati ambao mwanzo walikua sifuri nao wakafika asilimia 42. Simba wamelazimika kuhamia kwa nyati, mnyama mgumu na wa hatari, kwa sababu ya sisimizi! Mdudu ambaye ukimkanyaga huhisi.

Kwa hiyo mtu akiniambia mdudu huyu hana maana mimi namuuliza, umejuaje?

Wachina walijaribu hilo mwaka 1958, serikali ikatangaza vita dhidi ya shomoro kwa sababu wanakula nafaka, watu wakatoka na masufuria wakapiga kelele ndege wasitue mpaka waanguke kwa kuchoka. Shomoro anakula nafaka kweli, ila anakula na wadudu, na anawalisha watoto wake wadudu. Wadudu wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro akatolewa kwenye orodha ya maadui, nafasi yake akawekwa kunguni. Wakati huo njaa kubwa ilishaanza, ilikua na sababu nyingi ila na hii ilichangia.

Na tumbusi wa India je? Walikua mamilioni, wengi hawakuwahesabu kama kitu cha thamani, kazi yao kula mizoga. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kufa, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2004 ndipo ikachapishwa sababu yake, ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokua wanapewa ng'ombe, tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo figo zinaharibika. India ikaizuia kwa mifugo mwaka 2006. Lakini katikati hapo mizoga ilikua inabaki, mbwa wa mtaani wakapata chakula wakaongezeka, na mbwa ndio wanaoleta kichaa cha mbwa kwa binadamu. Aliyempa ng'ombe wake dawa alikua na huruma tu, hakua na ubaya wowote.

Ndio maana narudia, angalia kwanza. Kaa kwenye eneo lako asubuhi, kaa jioni, kaa siku ya mvua. Andika unachokiona, picha za simu zinatosha. Nani anatembelea lile ua? Nani anakunywa kwenye kidimbwi? Kile kichuguu unachotaka kukichimba, angalia majani yaliyokizunguka kama sio ya kijani kuliko mengine. Mchwa wanapandisha udongo wa chini juu, wanatoboa njia ambazo maji ya mvua yanaingilia, na udongo wa pale unakua na naitrojeni na fosforasi zaidi. Wengi wao wanakula mimea mikavu iliyokwisha kufa, bila wao na kuvu na bakteria yale majani na matawi yangekaa hapo hapo na virutubisho vyake vimefungiwa ndani. Kama wako mbali na mbao za nyumba yako waache. Kile kichaka cha miiba, ndege wengi wanajenga humo kwa sababu adui haingii. Yale matete, kereng'ende wanapanda hapo wakitoka majini kuvua ngozi yao ya utoto, na mtoto wa kereng'ende akiwa majini anakula viluwiluwi vya mbu. Unafyeka matete alafu unalalamika mbu!

Mwezi uliopita watu wawili kutoka kile kikundi cha zamani walikuja kwangu. Walikua wanaomba mbegu na vipandikizi, kwao upande wa maji umebaki tope. Niliwapa. Nilimpeleka mmoja mpaka kwenye gogo langu lililokauka nikamwonyesha mashimo yake yote, wapangaji wake wote, sikusema neno lolote kuhusu ya nyuma ila nafikiri alielewa, na sitaficha kwamba nililala vizuri siku ile. Lakini ule mti wao haurudi. Mti mkubwa mkavu unachukua miaka mingi sana kupatikana, lazima kwanza uishi uwe mkubwa ndio ufe, na wao waliuondoa kwa mchana mmoja. Tuache huu ugonjwa wa kuona kila kilichokufa ni uchafu na kila chenye mwiba ni adui, tunapenda sana kusafisha kuliko kuelewa.

Kuna kitu kimoja nitakubali kitolewe haraka, nacho ni mgeni aliyekuja bila maadui zake. Magugu maji ni ya Amerika ya Kusini, yalipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 hakukua na mdudu wa kuyala, yakatanda mpaka boti zikashindwa kupita. Miaka ya 1990 wakaletwa fukusi kutoka kwao kulekule, fukusi ambao walishajaribiwa kwanza kama hawatageukia mimea mingine, wakasaidia kuyapunguza sana pamoja na hali ya hewa ya miaka ile. Australia wao mwaka 1935 walileta chura mkubwa wa Amerika wakitegemea ale mbawakavi wa kwenye miwa. Mbawakavi hawakupungua, chura akasambaa, na kwa kuwa ana sumu wanyama wengi waliojaribu kumla wakafa. Kwa hiyo ukishauriwa ulete samaki fulani amalize mbu kwenye kidimbwi chako, au mmea fulani unaokua haraka uzuie mmomonyoko, muulize anayekushauri huyo kiumbe ametoka wapi, mbu wakiisha atakula nini kingine, na hapo kwako nani atamla yeye. Akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, usikilete.