Maswali ya Wasomaji: Vibanda na Njia za Rwenzori

Mwezi huu tumepokea maswali kadhaa kuhusu kujitolea kutunza vibanda vya wapandaji na njia zake katika milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Tumeyafupisha.

Sisi ni vijana 12 hapa Kasese. Likizo ijayo tunataka kupanda tukarekebishe njia ya mbao pale kwenye kinamasi cha Bigo. Tuanzie wapi?

Anzieni ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA). Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na Urithi wa Dunia tangu 1994, kwa hiyo hata fito moja haikatwi bila ruhusa. Barua yenu itaje kipande cha njia mnachokitaka, siku, idadi ya watu na mbao zitakotoka. Watu 12 kwa kinamasi kimoja ni wengi mno: sita wakifanya kazi, wengine sita watafaa zaidi kubeba mizigo kutoka Nyakalengija, njia inapoanzia, hadi kibanda cha Nyabitaba. Chagueni Januari, Februari au Julai. Hiyo ndiyo miezi ya ukavu, ingawa ukavu wa Rwenzori nao una mvua yake.

Kwa nini mbao za njia ya kinamasini zinaoza na kung'oka upesi? Na mita 20 zinahitaji vifaa kiasi gani?

Ubao unaolala juu ya tope huoza kuanzia chini, mahali jicho halifiki. Mkanyagaji anaona uso mzima, kumbe ndani ni sifongo. Kwa hiyo mbao za kukanyaga zisiguse kinamasi kabisa. Kwanza lazeni magogo mafupi yaliyotiwa dawa, moja kila mita moja na nusu. Juu yake mihimili miwili ya inchi 3 kwa 4 ifuate njia. Mbao zije juu ya mihimili, zikiikatiza. Acheni nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya ubao na ubao. Mkizibananisha, tope litajaa katikati na mbao zitakaa na unyevu mwaka mzima.

Hesabu ni hii. Ubao wa upana wa sentimita 15 pamoja na nafasi yake ni sentimita 16.5, hivyo mita 20 zinakula mbao 121. Kila ubao, wenye urefu wa sentimita 75 na unene wa inchi 2, unapigwa misumari minne ya inchi 4: jumla 484. Ongezeni ya kupinda na ya kuangukia topeni, iwe kama 530, yaani takriban kilo 7. Chukueni ile iliyopakwa zinki, isiyoshika kutu upesi.

Kuna kosa moja tunaloliona mara kwa mara, nalo ni mkaratusi mbichi. Ubao mmoja mbichi wa kipimo hicho unafika kilo 5, basi mpagazi mwenye kilo 20 anapanda na mbao nne tu. Ukikauka vizuri kivulini, anabeba tano. Kwa mbao 121 hiyo ni tofauti ya safari 31 na safari 25. Isitoshe, mbao mbichi husinyaa zikiwa zimeshapigiliwa. Msumari unalegea, ubao unaanza kucheza, na kila buti linalopita linauinua msumari kidogo, mpaka siku unamkwaza mtu. Toboeni kwanza kwa keke, vidole viwili kutoka mwisho wa ubao, la sivyo mkaratusi utapasuka.

Mwisho, tandazeni wavu wa kuku juu na mwufunge kwa misumari ya U. Huko juu usiku huganda, na asubuhi ubao mtupu unateleza kama sabuni.

Paa la mabati la kibanda linadondosha maji ingawa tumelipaka lami mara mbili. Tufanyeje?

Kabla ya kununua lami ya tatu, jueni maji yanatoka wapi. Yakidondoka hata alfajiri ya usiku usio na mvua, bati halivuji. Ni mvuke wa pumzi za watu na wa sufuria, umepanda, umekutana na bati la baridi na kurudi chini kama maji. Dawa yake ni matundu ya hewa chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, yenye wavu wa kuzuia panya.

Yakidondoka wakati wa mvua tu, kagueni misumari. Aliyeipiga kwenye bonde la bati badala ya mgongoni ameyatobolea maji njia. Hata ya mgongoni hulegea, kwa sababu jua la mchana hulitanua bati na baridi ya usiku hulikaza, na mpira wa msumari hupasuka. Msiugongee tena msumari uleule. Utaingia kwenye tundu lililokwisha kupanuka. Ng'oeni, wekeni skurubu nene zaidi yenye mpira mpya.

Mdogo wangu yuko Norway. Anasema wanaojitolea huko wanakata matawi yaliyo juu sana ya kichwa. Kuna maana gani?

Anasema kweli. Huko shirika la watembea milimani la Norway, DNT, lililoanzishwa 1868, hutunza vibanda na njia kwa msaada mkubwa wa watu wanaojitolea. Kiangazi mtu hupita kwa miguu akifuata herufi T nyekundu iliyopakwa kwenye mawe. Majira ya baridi hupita kwa ski, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea, amesimama juu ya theluji inayoweza kufika mita moja au mbili. Tawi ambalo Julai liko juu ya kichwa, Machi linampiga usoni. Kwa kuwa theluji hufunika alama za mawe, huchomeka vijiti kwenye theluji kuonyesha njia.

Kwetu msiige ukataji huo. Chukueni kazi yao nyingine, ya kuondoa maji njiani. Kwenye mteremko, zikeni jiwe au gogo kwa mshazari wa nyuzi kama 45, theluthi mbili zikiwa ardhini. Likikingama moja kwa moja, tope litajaa nyuma yake na maji yataruka juu. Penye mteremko mkali wekeni moja kila mita 5 hadi 10. Upande wa chini chimbeni mdomo wa upana wa majembe mawili, kisha mmwage ndoo ya maji na kutazama: yakisimama, ongezeni kina.

Nimejitolea kwenda kibanda cha Bujuku lakini sijawahi kupanda. Nibebe jembe?

Jembe libebwe na aliyezoea. Bujuku iko karibu mita 3,960. Kwa mwinuko huo, ukiumwa kichwa na kutapika, acha kazi uteremke siku hiyohiyo na mwenzako, usisubiri kupambazuke. Wewe beba gambuti, glavu za kazi na soksi za akiba, nyingi.