Niliacha nyama, sikuweka kitu mahali pake

Nilikuwa natoka jikoni kwenda uani, mjukuu wangu akaniita: "Bibi, ndala yako imebaki mlangoni." Nikatazama chini. Kweli, mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, na sikuwa nimehisi chochote.

Nilikuwa na miaka 66, mwaka wa nne tangu niache nyama na samaki. Niliacha kwa ajili ya presha, na sijutii. Kosa langu ni kwamba niliondoa nyama kwenye sahani bila kuweka kitu mahali pake. Asubuhi chai ya rangi na muhogo, mchana ugali na mchicha, usiku wali na mchicha. Hata maziwa na mayai niliyaacha, nikiamini ndiyo kula vizuri. Nikapungua, watu wakanisifu. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi, ulimi ukawa unawaka, nikawa nasahau majina ya watu niliosoma nao. Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: uzee.

Haukuwa uzee. Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza ninakula nini. Akaagiza kipimo cha damu, na vitamini B12 ikakutwa imeshuka mno. Vitamini hii tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga za majani hazina. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana unaweza kujiona mzima kumbe akiba inaisha. Tumbo la mzee nalo huifyonza kwa shida, na metformin, dawa ya kisukari ambayo wengi wetu tunaimeza, huzidisha tatizo. Nilichomwa sindano kwa wiki kadhaa. Sasa nameza vidonge, na mayai na mtindi nimevirudisha.

La pili ni protini, maana misuli ya mzee huisha upesi. Wataalamu wa lishe hupendekeza kwa umri wetu gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.) Mimi nina kilo 58, kwa hiyo nahitaji kama gramu 60. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina takriban 15. Mchicha hauwezi kukufikisha huko.

Basi siku hizi sipitishi siku bila kunde, choroko, maharage au mbaazi. Mbaazi naziloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, na tangu nianze kufanya hivyo tumbo halijai gesi kama zamani. Nazichemsha kwa maji mapya mpaka zipondeke kwa ulimi, kwa sababu magego sina. Hapo ndipo natia tui jepesi, kitunguu, bizari na chumvi kidogo sana. Mchicha bado naula, ila naukamulia ndimu, na chai naisubirisha kama saa moja baada ya chakula. Ndimu huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma, chai huyazuia.

Kumbukumbu imerudi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, na daktari aliniambia mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu huenda isipone yote. Kama umeacha nyama na umeanza kuhisi ganzi, nenda kapime B12 wiki hii.