Barua kwa Mwanangu Aliyerudi Tanga

Muheza

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, mkwe wangu na wajukuu zangu. Mimi ni mzima, na machungwa ya shambani yameanza kupata rangi, kwa hiyo nina muda wa kukaa barazani na kukujibu kwa kirefu, jambo ambalo kwenye simu haliwezekani.

Umeniandikia kwamba tangu mhamie Tanga watoto wanalalamika kuwa hakuna kitu, kwa sababu Dar es Salaam walizoea maduka makubwa na sinema. Kwamba mkeo amekwisha kuwatembeza mwisho wa juma, wakapiga picha penye mnara wa saa, wakala aiskrimu na kurudi nyumbani na malalamiko yaleyale. Na kwamba wewe mwenyewe, uliyezaliwa Bombo na kukulia Ngamiani, umeshindwa kuwaeleza kwa nini unaupenda mji huu. Ukaniuliza mimi, niliyekuja kutoka Tabora bila kumjua mtu, nilifanya nini hata ninyi mkawa watu wa Tanga kuliko Watanga wenyewe. Mwishoni uliuliza jambo ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi, yaani kuna faida gani kuwafundisha watoto kuupenda mji ambao mwajiri wako anaweza kukuhamisha wakati wowote.

Niliwatuma. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote yaliyomo katika barua hii ni ufafanuzi wake. Mtoto anayetembezwa huutazama mji kama abiria anavyotazama nje ya dirisha la basi, maana hakuna linalomtegemea yeye. Anayetumwa kununua dagaa hana budi kuuliza njia, kusalimia wakubwa, kujua bei, kuhesabu chenji na kurudi na dagaa wenyewe, na kabla hajafika nyumbani atakuwa amekwisha kuulizwa na mtu mmoja au wawili yeye ni mtoto wa nani. Ninyi mliulizwa hivyo tangu mkiwa wadogo sana, na kila mlipojibu, mimi na baba yenu tulipata jirani mpya bila sisi wenyewe kutoka nje.

Ngamiani ilinisaidia kwa namna ilivyopangwa. Barabara zake zimenyooka na zina namba, kiasi kwamba hata mgeni ambaye hakujua lolote isipokuwa kuhesabu hakuweza kupotea, nami niliziongeza namba hizo kidogo kidogo kadiri mlivyokua. Kwanza ulitumwa barabara ya pili yake kwenda kununua vitumbua, baadaye ukavuka mbili, tatu, mpaka siku ulipofika peke yako soko la Mgandini na kurudi na nazi ambayo, nakumbuka, ilikuwa koroma. Tuliitumia hivyohivyo.

Najua utaniambia kwamba nyakati zimebadilika, kwamba bodaboda hazina simile na mtoto wa siku hizi haachwi peke yake. Ni kweli. Basi mtangulize mtoto, nawe umfuate nyuma kwa hatua ishirini hivi, na ujizuie kumwelekeza hata anapokosea kona, isipokuwa penye magari. Atakaposimama na kumuuliza fundi baiskeli njia ya kurudi, utakuwa umemfanyia jambo ambalo picha za mnara wa saa hazikuweza. Na kwa kuwa nimetaja baiskeli, wanunulie. Mji wetu ni tambarare na kila rika linaendesha, wakiwemo kina mama wenye kanga zao na vikapu vya sokoni. Mimi nilijifunza kuendesha nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na majirani walicheka kwa wiki nzima, lakini ndipo waliponizoea.

Asubuhi moja wapeleke soko la samaki la Deep Sea wakati vyombo vinaporudi kutoka baharini, na fedha ya kitoweo mkabidhi yule mkubwa. Mnada una maneno yake na kasi yake, na mtu asiyejua tofauti ya changu na tasi atalipa bei ya ugeni. Mwache alipe, kwa kuwa safari inayofuata hatalipa tena. Waambie wawaulize wavuvi wazee habari za silikanti. Samaki huyo alidhaniwa ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na katika miaka ya 2000 wavuvi wa pwani yetu wakaanza kuwanasa katika nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu. Kwa ajili yake serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Unaweza kuwaeleza hayo wewe mwenyewe mezani, lakini ladha yake haitakuwa sawa na kuyasikia kwa mtu ambaye mikono yake ingali na magamba.

Baada ya kuwatuma, niliwapa kazi ya kuhadithia. Kila ndugu zetu wa Tabora walipokuja kututembelea, mimi nilibaki jikoni na ninyi ndio mliowaongoza wageni, kila mmoja na mahali pake. Wewe ulichukua Raskazone. Ulisimama pale ufukweni ukasimulia vita vya Novemba 1914 kana kwamba ulikuwapo: jinsi Waingereza walivyoteremsha jeshi la watu wapatao 8,000, jinsi jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, lililokuwa na watu 1,000 hivi, lilivyowangoja upande wa reli, na jinsi nyuki walivyotoka mizingani wakawashambulia wapiganaji katikati ya risasi. Nyuki wako walikuwa wakiongezeka kila alipokuja mgeni mpya. Baba yako, Mungu amrehemu, hakukukosoa kuhusu nyuki, maana nyuki walikuwapo kweli. Alikukosoa pale ulipomaliza kwa kusema kwamba Wajerumani waliwashinda Waingereza, ukaishia hapo. Alitaka useme pia kwamba wengi waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa askari wa Kiafrika, na kwamba wengi walioletwa na Waingereza walitoka India, watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote juu ya mji wa Tanga. Wapeleke wanao Raskazone kwa miguu, mwende hadi kwenye reli, na umwachie mmoja wao hadithi hiyo iwe yake. Usijali nyuki wakiongezeka.

Dada yako alichagua Tongoni, na nakiri kwamba mahali pake palikuwa pazuri zaidi kuliko pako. Ni kilomita kama 20 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani, penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya karne ya 14 na 15, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo nyingi zimekwisha kuanguka. Kwenye nguzo kuna vishimo vilivyowekewa bakuli za kauri zilizotoka nchi za mbali, na watoto wote niliowahi kuwaona pale hutia vidole ndani yake na kuuliza bakuli zimekwenda wapi. Maji ya bahari hii ndiyo yaliyomtatiza Vasco da Gama: mwaka 1498 meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya pwani yetu, na mwaka 1499 akiwa njiani kurudi, mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi hata hawakutosha kuendesha meli zote, aliichoma moto meli hiyohiyo. Dada yako alipenda kuanza na meli inayoungua, kisha kurudi nyuma hadi kwa watu waliojenga msikiti, ambao walikuwa wamekwisha kuishi pale kwa vizazi kabla Mreno hajaiona pwani hii. Mkienda, angalieni maji: nendeni yakiwa yamekupwa, ili watoto waone kina mama wakiokota chaza na wakichokoa pweza miambani. Njiani mtapita Machui, lilipo kaburi la Shaaban Robert, aliyezaliwa jirani ya hapo, Vibambani, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Simameni kidogo, mpumzike.

Watu wengi huanza na mapango ya Amboni kwa sababu ni karibu, kilomita 8 tu kwa barabara ya Horohoro, lakini mimi ningeyaweka mwishoni. Mtoto aliyetoka kwenye sinema huingia pangoni akitaka kushangazwa, akikosa hukasirika. Akisubiri mpaka ameshasikia uvumi wa mitaani kwamba pango linapita chini ya ardhi hadi Mombasa, ndipo atakapoingia na swali lake mwenyewe. Naye ataambiwa kwamba wapimaji wa mwaka 1994 hawakukuta pango linalozidi kilomita moja, na bado atatoka akiamini habari za Mombasa. Jambo moja tu uwaonye mapema: mle ndani watakuta vitu vilivyoachwa na watu waliokuja kuomba kwenye mzimu, wengine wakiomba watoto. Wasiviguse, wala wasicheke.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa kijana, kama sisi ni Watanga kweli, na sidhani kama nilikujibu vizuri. Ninapokwenda stesheni na kuitazama reli ile, namkumbuka babu yangu mdogo, aliyeletwa huku kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kulima mkonge zamani sana kabla yangu. Mkonge wenyewe ni mgeni: Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa, vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo yakaja mashamba, magunia na kamba zilizopakiwa bandarini alikofanya kazi baba yako, na wakaja watu kutoka Kigoma, Songea, Tabora na hata Burundi. Ukiwatoa wote ambao wazee wao walishushwa na reli au meli, Ngamiani itabaki na nyumba chache sana zenye watu. Waeleze wajukuu zangu hayo, hasa yule mdogo aliyeambiwa shuleni kwamba yeye ni wa kuja.

Usiwafiche mapungufu ya mji. Wakisema hakuna sinema, wakubalie. Waoneshe jengo la Majestic uwaambie kwamba zamani ilikuwapo. Wakiuliza kwa nini viwanda vingi vimenyamaza, waambie unachokijua. Mtoto akisifiwa mji kupita kiasi, hutafuta kasoro kwa makusudi, nawe hutaweza kumlaumu. Kuhusu mpira, najua ndani ya nyumba yako kuna Simba na Yanga, nami siwezi kuliondoa hilo. Lakini siku Coastal Union, timu yetu ya hapa, wanapocheza uwanja wa Mkwakwani, nunua tiketi, mkae upande wenye jua pamoja na wazee, nao watawasimulia mwaka 1988 walipochukua ubingwa wa ligi. Ukikutana na mzee wa African Sports, timu nyingine ya mji, atakusimulia mengine kabisa, na hapo watoto wataelewa kwamba mji una pande mbili na kwamba kuzijua zote mbili ni sehemu ya utamu wake.

Sasa nije kwenye suala la uhamisho. Nchi nzima inatutania kwamba Tanga ni waja leo, waondoka leo. Baba yako alipopewa kazi bandarini tuliambiwa tutakaa kwa muda tu, na mimi sikufungua sanduku la vyombo vyangu vizuri kwa miezi mingi, nikingoja kuondoka. Nawe unajua jinsi muda huo ulivyokwenda. Lakini tuseme wewe unahamishwa kweli. Mtazame dada yako. Alipopelekwa Mwanza, mji ambao hakuwa na ndugu hata mmoja, juma la kwanza tu aliwapa wanawe fedha, akawafuata kwa nyuma hadi Mwaloni, Kirumba, wakanunue sato. Waliuziwa ghali. Leo watoto hao wakija likizo hawaachi kutueleza ni kijiwe gani cha Mwanza kinachouza sangara mzuri, na huo ni mji ambao mama yao alikuwa akiulilia siku alipopata barua ya uhamisho. Ninachokiona kwao ni kwamba walijua pa kuanzia, na walilijua hilo kupitia mama yao aliyekulia Ngamiani.

Jumamosi, Mungu akipenda, nitapanda basi la asubuhi na kushuka stendi ya Kange. Usije kunipokea wewe. Waje wajukuu zangu, nawe kaa kando ukitaka kuwaangalia, na uwaambie kwamba nyanya yao ni mgeni kutoka Tabora ambaye hajapata kuiona Tanga, kwa hiyo wao ndio watakaoamua twende wapi kwanza na tule nini. Wakinipeleka sokoni, wasije wakanitajia bei ya uongo ya changu, kwa sababu nitakuwa nimekwisha kumpigia simu muuza samaki wangu.

Wasalaam,

Mama yako