Mdogo wangu wa Manyoni, kabla hujalipia ratiba ya mazoezi

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Manyoni: "Shikamoo dada, nimenunua saa ya GPS, sasa nataka nilipie programu inayopanga mazoezi yenyewe kwa akili mnemba, nalenga marathoni, kilomita 42, unanishauri ipi?" Marahaba mdogo wangu. Nilitaka nikujibu mistari miwili nikashindwa, umegusa pale pale panaponiuma, bora niandike hapa na wengine wasome. Tangu Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Petros, wametofautiana sekunde 0.03 tu, meseji kama yako zinaingia kila wiki, na mimi nafurahi kweli kweli, watu wetu wanakimbia.

Nilianza kukimbia 2019, na nilikuwa naandika kila kitu kwenye kaunta buku kwaya mbili. 2021 nikapata simu nzuri, fundi wa simu akaniwekea programu ya kurekodi mbio na akaunti akanifungulia kwa imeili yake, mimi wala sikuuliza, kaunta buku nikaitupia chini ya kitanda. 2023 nikaibiwa simu stendi. Fundi keshahama, paswedi anaijua yeye, miaka miwili ya mazoezi imeenda hivyo hivyo. Nililia jamani, mume wangu akawa ananiambia si kilomita tu hizo, utakimbia nyingine. Mpaka leo neno lile halijanitoka.

Nikanunua saa, nikalipia na programu ya kunipangia, kama unavyotaka wewe. Miezi ya mwanzo raha tupu, kila asubuhi naamka nimeshaandikiwa cha kufanya, Jumanne mbio za kasi, Alhamisi mlima wa Chimwaga, Jumapili mbio ndefu. Sasa Januari, tunajiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, baba yangu mdogo akafariki Mpwapwa. Nimekaa msibani siku nne, usiku tunalala kwenye mikeka, kulala kwenyewe hakuna. Narudi Dodoma nafungua simu, wiki nzima nyekundu kwa mazoezi niliyokosa, na Jumapili imeniwekea kilomita 24. Programu ile ilikuwa inapokea mwendo, mapigo ya moyo na umbali, basi, hakukuwa na mahali pa kuiambia nimetoka kuzika. Na mimi nikaitii. Ugoko wa kushoto ulikuwa unauma tangu Ijumaa lakini nikatoka saa kumi na moja alfajiri barabara ya Dar kuelekea Ihumwa, matope ya mvua pembeni ya lami, kilomita ya 15 nachechemea, ya 20 nauma meno, nikamaliza zote 24 ili ile rangi nyekundu itoke.

Hospitali picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, nikaambiwa nipumzike nirudi, ya pili ndio ikaonyesha mfupa una ufa mwembamba. Wiki nane hakuna kukimbia. Wenzangu wa grupu wameondoka na basi kwenda Moshi, mimi niko kitandani mguu juu ya mto, naangalia picha zao za medali.

Siku hizo ndio nikavuta ile kaunta buku kutoka chini ya kitanda. Nafungua, 2020, mwandiko wangu mwenyewe, kalamu ya bluu imetawanyika kwa jasho: "Alhamisi. Km 9 Ntyuka, mawe. Ugoko kushoto unauma nikibonyeza." Jumamosi: "Ugoko bado." Jumanne: "Ugoko. Napumzika siku 5." Halafu ukurasa wa pili: "Umepona, km 6 taratibu." Nikarudi nyuma kuhesabu, wiki ya kabla nilikuwa nimeruka kutoka kilomita 30 mpaka 44. Yaani ugonjwa, sababu na dawa yake nilikuwa navyo chini ya kitanda miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, soma ulichoandika. Kila Jumapili jioni, kabla hujaangalia wiki inayokuja, soma wiki nne za nyuma. Na ili uwe na cha kusoma lazima uandike, mstari mmoja tu kila ukimaliza: umelala vipi, nini kinauma, upepo ulikuwaje (wa Dodoma wa mwezi wa saba unaujua), umefunga au umekula. Namba saa itaandika yenyewe. Hayo mengine hakuna wa kukuandikia.

Siwaambii mrudi enzi za Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York 1989 kwa 2:08:01 bila saa ya GPS kwa sababu hazikuwepo. Huko mbele mambo yanakuja tu, Aprili 2025 Strava, programu ya kurekodi mbio, walitangaza kuinunua Runna, programu ya kupanga mazoezi, daftari na ratiba vinahamia nyumba moja, na mimi naona ni vizuri, nasubiri kwa hamu siku mashine itakaposoma "nimetoka msibani, sijalala" kwa Kiswahili ikafuta yenyewe zile kilomita 24. Lakini itasoma nini kama hujaandika? Na daftari liwe lako. Endomondo, programu nyingine ya kurekodi mazoezi, ilifungwa mwisho wa 2020, watu walikuwa na miaka yao humo, waliopakua mafaili yao wanayo. Imeili iwe yako, paswedi yako, kila mwisho wa mwezi pakua mazoezi yako uweke pembeni, bando lake dogo sana. Andikeni jamani, someni, msitii rangi ya simu kuliko mguu wenu.

Mwaka uliofuata nilirudi Moshi, nikapanda ule mlima wa Mweka, nikamaliza 42 kwa 4:06. Wiki mbili kabla ya mbio ugoko ulianza tena, nikaandika, nikasoma, nikapumzika siku tano.

Ratiba usilipie kwanza. Nunua kaunta buku hapo Manyoni, kimbia wiki nne, Jumapili ya nne nipigie picha kurasa zako unitumie, nitazisoma zote halafu tutaongea habari ya programu.