PCR ya kidijitali kwa sampuli za udongo: uhame au ubaki?

Ndugu, nimekuelewa: udongo unayumbisha majibu ya PCR yako ya kawaida (njia ya kunakili DNA mara nyingi ili kuipima), unawaza kununua mashine ya PCR ya kidijitali. Subiri kwanza. Zimua DNA mara 10, pima, kisha zidisha jibu kwa 10. Likizidi lile la awali, mchawi ni vizuizi, yaani vitu vya udongoni vinavyozuia PCR kufanya kazi, mara nyingi asidi ya humiki (hutokana na mabaki ya mimea yaliyooza).

Hapo ya kidijitali itakufaa, maana huvumilia vizuizi zaidi. Baadhi ya mashine hizo hugawa mchanganyiko katika matone kama 20,000, kila tone likasomwa ndiyo (lina DNA unayotafuta, linawaka) au hapana, mambo ya kuchora mkunjo wa viwango (grafu ya sampuli za kiasi kinachojulikana) unayasahau (mimi sikuyatamani tena hata kidogo!). Ila DNA ikizidi, matone yote huwaka na hesabu hupotea. Na kama unapima bakteria, DNA ya waliokufa nayo huhesabiwa.

Unataka majibu ya kutumika kisheria? Tafuta maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara).