Jibu: Kiongozi wa mashtaka akiondoka, ni yeye aliyeiua kesi?

Namjibu ndugu aliyeuliza kama Noordin Haji kuhama afisi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma, mwaka 2023 ndiko kulikoua kesi za ufisadi za wanasiasa hapa Kenya. Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja anasema alizawadiwa, mwingine alitishwa, wa tatu ana binamu aliyeko serikalini. Hakuna aliyetaja kilichomo kwenye faili. Mimi nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, wale wanaomsomea mshtakiwa mashtaka kwa Kiswahili na kushika shajara ya hakimu, kwa hiyo niruhusuni nianzie huko.

Kwanza pangeni tarehe. Haji aliingia Machi 2018. Kesi ya Rigathi Gachagua ya shilingi bilioni 7.3 ilifikishwa kortini Julai 2021, akiwa bado mbunge wa Mathira. Iliondolewa Novemba 2022, yeye akiwa naibu wa rais, na sababu waliyotoa upande wa mashtaka ni kwamba ushahidi hautoshi. Haji alipendekezwa kuongoza shirika la ujasusi, NIS, Mei 2023 na kuapishwa Juni. Maana yake kesi iliyozungumzwa kuliko zote ilikuwa imeshaondolewa miezi kadhaa kabla mwenyewe hajafungasha. Anayesema kuondoka kwake kuliiua kesi hiyo ameanza hadithi mwishoni. Anayesema cheo kipya kilikuwa malipo, huyo ana hoja ya kujadiliwa, lakini bado ni dhana, na asiwauzie watu kama hukumu.

Kwangu kinachokera zaidi ni hiki. Katiba, kifungu cha 157, inampa DPP miaka minane, mara moja tu, ili asiwe na sababu ya kujipendekeza kwa mtu. Keriako Tobiko alitoka mwaka 2018 akaenda kuwa waziri wa mazingira. Haji akatoka akaenda NIS. Wawili wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, na wote waliacha kiti mapema kwa kazi inayotoka mkononi mwa rais. Hakuna sheria waliyovunja. Lakini ile miaka minane inamkinga na nani, kama mlango wa pili uko wazi?

Sasa shukeni ngazi, mje kwa kiongozi wa mashtaka wa kawaida, yule mnayemwona kwenye picha akiwa na rundo la mafaili. Kesi si yake. Ni ya DPP, yeye ametumwa tu, na kesho anaweza kutumwa mwingine. Kwenye kituo kimoja nisichokitaja tulikuwa na kesi ya maafisa walioshtakiwa kwa zabuni ya soko ambalo halikujengwa. Kiongozi wa mashtaka akahamishwa. Kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, kabla ya saa nne watu walikuwa wameshajua alilipwa ngapi. Bei zilitofautiana, ila hakuna aliyekosa ya kwake. Orodha ya uhamisho nilikuwa nimeiona, ina majina ya vituo chungu nzima.

Lakini kesi ile ilikuwa imeoza kitambo. Shahidi mkuu alikuwa mhasibu. Alikuja mara ya kwanza, ripoti ya mtaalamu wa maandishi haiko tayari. Akaja tena, faili la polisi liko makao makuu. Kisha wakili wa utetezi akaugua. Baada ya hapo samansi ya kumwita mhasibu ikarudi imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "hakupatikana", ilhali mtu mwenyewe alikuwa akifanya kazi jengo la pili kutoka mahakamani na mchana tulikuwa tukimwona akila pale pale kibandani. Kiongozi mpya alipokuja alisimama akasema, "Mheshimiwa, faili hili nimelipokea asubuhi hii, naomba tarehe nyingine." Hakimu akampa ya mwisho. Siku ilipofika, mhasibu hayupo, na washtakiwa wakaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kwamba hawana kesi ya kujibu. Mji mzima ukamlaani aliyehamishwa. Aliyeandika "hakupatikana" hakuna aliyemuuliza hadi leo.

Na kuna jambo ambalo mawakili wa utetezi wanalijua vizuri kuliko ninyi. Kiongozi wa mashtaka akibadilishwa katikati ya kesi, kisheria mambo yanaendelea pale yalipofika. Hakimu akibadilishwa, kifungu cha 200 cha sheria hiyo hiyo kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waliokwisha kusikizwa waitwe upya. Wengine wameshahama, wamestaafu, wamekufa. Hakimu huhamishwa kimyakimya, bila hashtegi hata moja.

Mwenye kutaka mfano mkubwa aitazame kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, iliyomhusu aliyekuwa waziri wa fedha Henry Rotich. Alikamatwa Julai 2019 kwa kishindo. Desemba 2023 hakimu Eunice Nyutu alimwachilia pamoja na wenzake, na maneno makali kwenye uamuzi yakawaangukia waendesha mashtaka wenyewe kwa jinsi walivyoiendesha kesi. Wakati huo walikuwepo mahakamani, hawajaondoka. Kiongozi wa mashtaka anaweza kukaa kwenye kiti chake kila tarehe na kesi ikafa mbele ya macho yake.

Aliyeuliza kama Renson Ingonga, aliyemrithi Haji, anaweza kufufua kesi zilizoondolewa: inategemea ziliondolewa vipi. Ya Gachagua iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ile ile, ambacho kinamwachilia mshtakiwa bila kumfutia mashtaka moja kwa moja, hivyo kisheria anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Walioachiliwa chini ya 210 hawarudishwi, labda kwa rufaa. Kwa hiyo mkisikia tena kwamba kesi fulani "imetupwa", ulizeni kwanza ni kifungu gani, kisha ndipo muulize nani kahama.