Njoo na ripoti zako za shule

Isevya, Tabora

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea baba yako kwa sauti. Unauliza, ukiwa huko Kigoma, utafute mtu wa kuongea naye kuhusu hii ADHD, hali ya kukosa umakini na kutotulia, au utafute dawa. Nitafika huko. Kuna jambo la kabla ya hilo ambalo hukuliuliza: daktari atajuaje kuwa ni hilo na si lingine?

Yule mshauri wa kwenye simu aliyekupa jibu ndani ya dakika 15, kisha akataka ulipie vipindi kumi kwa mkupuo, mwache. Maswali aliyokusomea nayajua. Ni dodoso la maswali 18, na 6 ya mwanzo ni ya kuchuja. Manne kati ya hayo 6 yakikugusa, maana yake unastahili kuchunguzwa, basi. Uchunguzi wenyewe unadai zaidi. Kwa mtu mzima zitafutwe dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na pupa. Ziwe zimedumu miezi 6, zionekane nyumbani na kazini pia, na baadhi ziwe zilikuwepo kabla hujatimiza miaka 12. Hapo kwenye miaka 12 ndipo watu wazima wengi wanapokwama, maana nani anakumbuka alivyokuwa darasa la tatu?

Mimi nakumbuka, na karatasi ninazo. Zimo kwenye sanduku la bati, chini ya kanga za bibi. Darasa la pili: "Ana akili ila hatulii." Darasa la tatu: "Anapoteza vifaa." Darasa la nne: "Mvivu. Aadhibiwe." Ndiyo siku ile uliyorudi viganja vimevimba. Hesabu ulizifanya zote kumi, ukaliacha daftari chini ya mwembe. Ukatumwa kulifuata, ukakuta wenzako wanaokota embe, ukaokota na wewe, ukarudi darasani sketi imejaa embe na daftari huna. Nami nikasema mwalimu ana haki. Mimi, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, nikasema mwalimu ana haki.

Huwa najiambia kwamba miaka ile hapakuwa na aliyejua. Si kweli. George Still aliwaeleza madaktari wa London juu ya watoto wa namna hiyo mwaka 1902, na Charles Bradley aliwapa dawa watoto huko Rhode Island, Marekani, mwaka 1937. Lilikuwemo vitabuni. Ila wengi wetu tulilijua kama jambo la mtoto wa kiume anayepanda madirisha. Wa kike anayekaa kimya akitazama nje ya dirisha, tulimwita mvivu.

Kwa hiyo nasema nililolisema nyumbani miaka yote: daktari hatibu asichoambiwa. Andika kwa wiki mbili saa ulizolala, ulichosahau, na kosa hilo limekugharimu nini. Andika habari za baba yako na mizinga yake ya nyuki, ile aliyoianza na haijafika msituni hadi leo. Amekubali niseme, kwa kuwa tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80. Na usimfiche shangazi yako wa Urambo aliyeanguka ghafla. Dawa hizi zinaweza kupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo kifo cha ghafla katika ukoo ni lazima kijulikane kabla ya kidonge cha kwanza.

Anzia hospitali ya Maweni hapo Kigoma, uombe kitengo cha afya ya akili. Wakupime presha, mapigo na uzito. Wakague damu na tezi ya shingo. Wakuulize usingizi, sonona na pombe, kwa sababu kila kimoja kinaweza kujifanya ADHD. Kisha omba rufaa kwa daktari bingwa: Bugando, Muhimbili, au hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Najua jina la Mirembe watu wanavyolitumia kutukanana. Lisikuzuie. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hawaandiki dawa. Ukimpata mwanasaikolojia, muulize amewahudumia watu wazima wangapi wenye shida hii, na kipindi cha kwanza mtafanya nini. Akikujibu kwamba mtazungumza tu, endelea kutafuta. Tiba ya mazungumzo inayofaa hapa ni ya kufundishwa kazi: kalenda moja, orodha moja, kazi kubwa kuikata vipande, kila wiki kukaguliwa. Mwaka 2010 Safren na wenzake Marekani waliijaribu kwa watu wazima 86 ambao tayari walikuwa kwenye dawa, vipindi 12, na ikawasaidia kuliko mazoezi ya kutuliza mwili.

Unaona? Walikuwa tayari kwenye dawa. Miongozo ya Uingereza nayo, kwa mtu mzima ambaye kazi yake inaharibika hata baada ya kurekebisha mazingira, inatanguliza dawa. Lakini methilfenideti, mojawapo ya dawa za ADHD, ni dawa inayodhibitiwa, haipatikani kila duka. Ile ya muda mfupi inafanya kazi saa 3 hadi 4. Huanzwa kidogo, huongezwa wiki kwa wiki, na dozi ya jioni inafukuza usingizi. Kula kwanza, maana hamu ya chakula itakwenda. Dawa nyingine, atomoksetini, kwa kawaida huanzwa miligramu 40, na unaweza kungoja wiki 4 hadi 6 kuona kitu. Wengi huacha wiki ya pili kwa kichefuchefu, wakidhani haifai. Ukiugua malaria ukiwa unaitumia, mwambie anayekuandikia ALu, kwani mseto ule unaweza kulizuia ini lisiivunje atomoksetini ipasavyo. Kabla hujaanza chochote, uliza dirishani kama watakuwa nayo mwezi ujao na unaofuata. Dawa ya kukatikakatika itakuchosha kuliko kutokuwa nayo.

Sikuamulii. Una miaka 31, na mwili ni wako. Niliandika sentensi nzima hapa, nikaikata. Baba yako anasema nikuandikie tu ninachofikiri. Lakini niliwahi kukuamulia pale darasa la nne.

Hata hivyo, kama bingwa akithibitisha, akakupa dawa, ukaogopa, nipigie kabla ya kukataa.

Treni ya Dodoma inapita hapa. Niambie siku, nitakuja stesheni na bahasha ya ripoti. Ya darasa la nne nilitaka kuiondoa. Nimeirudisha.

Mama yako